Maisha ya Shangazi Yetu, Mtetezi wa Wanaowageuza Wagonjwa

“Mtoto arudi shule Jumatatu, na sitaki kusikia tena habari ya wiki ijayo.”

“Arudi, dada, arudi hata leo, halafu wewe akugeuze nani? Ukuta?”

“Nina mwanangu wa kiume, mzima wa afya, anakaa mtaa wa pili.”

“Yupi, huyo uliyemfukuza na beseni lake?”

“Usinichekeshe, unajua upande mmoja wa mdomo wangu haucheki vizuri.”

“Sikuchekeshi. Umezunguka dunia nzima unawauliza wakubwa nani atafanya hiki, nani atafanya kile. Leo nakuuliza mimi mdogo wako, nisiye na kiti kwenye mikutano yenu. Nani?”

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mliofika, maneno hayo yalisemwa tarehe 3 Juni mwaka huu, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii mliyoketi mbele yake, kati ya marehemu na mdogo wake wa kiume, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kazi yake ya kutunza stoo ya kiwanda cha magodoro, na mtoto anayetajwa ni binti wa huyo mdogo wake, naye ndiye aliyeyaandika haya, kwa sababu wakubwa walisema yeye ndiye aliyekaa na marehemu. Desturi ya historia ya marehemu ni kuanza na kuzaliwa, na huko tutafika, lakini maisha ya shangazi yetu yalikuwa na ugomvi mmoja tu, mrefu, uliobadilisha vyumba na watu bila kuisha, na asiyeujua ugomvi huo hatakuwa amemjua yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji wa nguo, wote wawili sasa wametangulia. Waliomjua utotoni wanasimulia kwamba alikuwa mtoto wa maswali, ukimwambia maji yameletwa anauliza yameletwa na miguu ya nani, na mama yake alikuwa akimwambia, “Kula kwanza, utauliza ukishashiba,” naye, kwa kadiri tunavyojua, hakushiba. Mdogo wake alizaliwa tarehe 2 Septemba 1973, wakati yeye ana miaka saba, na ndiye aliyemfundisha kusoma kwa vibao vya maduka, wakitembea kutoka karakana hadi sokoni, na kila mdogo wake alipokosea alimrudisha kwenye kibao cha kwanza, hata kama jua lilikuwa kali na kijana analia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaingia sekondari mwaka 1980 na kumaliza mwaka 1983, akiwa wa pili darasani. Baba yake alimpeleka chuo cha uhazili kwa miaka miwili, akisema kwamba msichana mwenye cheti cha uhazili amefika, naye alikwenda bila kubisha, lakini alipopewa cheti hicho mwaka 1985 alimuuliza baba yake amefika wapi, na baba, ambaye alizoea saa zinazokubali kurekebishwa, akarudi kwenye saa zake. Alisoma tena jioni, baada ya kazi, kwa miaka mingi, akapata shahada ya sayansi ya jamii mwaka 1998, akiwa tayari mke na mama.

Tarehe 6 Januari 1986 aliajiriwa kama mpiga chapa katika shirika moja la maendeleo, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama tangi la maji. Alipiga chapa taarifa za wataalamu zilizokuwa zinakwenda kwa wafadhili ng’ambo, na mwaka 1990 alichukuliwa kwenda kuandika kumbukumbu za mradi wa maji, akaona kwa macho yake mtaro mrefu ukichimbwa na wanawake, wengine na watoto mgongoni, huku wanaume wa kamati wakiwa kivulini wanamsubiri mgeni wa heshima. Waliporudi ofisini alipewa rasimu, na rasimu ilisema kwamba jamii imejitolea kuchimba mtaro. Alisimama na karatasi mkononi akamuuliza mtaalamu aliyeiandika, “Samahani, jamii hapa ni nani?” Mtaalamu hakukasirika, alitabasamu tu, akamwambia, “Dada yangu, jamii ni jamii. Wewe piga chapa, gari la posta linaondoka saa tisa.” Akapiga chapa, na taarifa ikaondoka saa tisa, na mtaro ule mpaka leo umechimbwa na jamii.

Marehemu alikuwa akisema kwamba siku hiyo alijifunza jambo moja, kwamba swali linaloulizwa na mtu aliyesimama halisikiki, lazima kwanza upate kiti, na huo ndio mwanzo wa yale masomo ya jioni.

Tarehe 20 Mei 1995 alifunga ndoa na mpima ardhi mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye alipiga pasi mashati yake mwenyewe na nguo za mkewe pia, jambo lililowafanya wanawake jirani wamtanie bibi harusi kwamba amemlisha mumewe dawa, naye akawajibu, “Sikumlisha kitu, nilimwonyesha tu soketi iko wapi.” Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1997, ambaye yupo hapa nasi. Mume wake alifariki tarehe 8 Novemba 2012 kwa ajali ya barabarani akitoka kazini, na tangu siku hiyo marehemu hakuolewa tena, alisema hana nguvu ya kuonyesha soketi mara ya pili.

Mwaka 1999 alipandishwa kuwa ofisa wa miradi, na hatimaye mshauri wa sera, akapata kiti alichokitaka, na ndipo alipogundua kwamba kukaa nako hakutoshi. Mwaka 2003 wafadhili kutoka mataifa kadhaa walikubaliana juu ya mpango mkubwa wa huduma za nyumbani, kwamba kwa kuwa wodi zilikuwa zimejaa na vitanda havitoshi, wagonjwa wa muda mrefu wapelekwe makwao, wakahudumiwe huko kwa nguvu ya jamii. Mpango huo ulisifiwa kwa sababu ulikuwa nafuu. Marehemu alitembelea nyumba za wagonjwa hao, mtaa kwa mtaa, vyumba vyenye harufu ya dawa na mashuka yaliyoanikwa kwenye viti, na kila alipoingia alimkuta mwanamke, na mahali ambapo mwanamke alikuwa ametoka kutafuta riziki alimkuta msichana, saa nne ya asubuhi, wakati wenzake wako darasani. Akarudi akasema maneno ambayo wenzake wa kazi wanayakariri kwa utani mpaka leo, “Nafuu kwa nani? Hii kazi ina bei, ila anayelipa ni mtoto wa kike, tena analipa kwa shule yake.”

Kuanzia hapo alidai kitu kimoja, na aliking’ang’ania kama kupe, kwamba sera yoyote ya maendeleo inayomrudisha mgonjwa nyumbani kwanza iulize ni nani atakayebaki naye, imlipe mtu huyo, na isikubali kabisa awe mtoto anayesoma. Ilikuwa sentensi moja tu. Alikwenda nayo katika mikutano ya miji mingi, kwenye kumbi zenye mazulia mazito na chupa ndogo za maji, alikokaa kiti cha nyuma ya kiti cha mkuu wa ujumbe, na mkuu wa ujumbe mara nyingi alikuwa mwanamume aliyempisha kuzungumza baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya ukumbi inasinzia. Hakuna aliyempinga, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote, maana mtu anayekupinga unaweza kushindana naye, lakini hawa walimpigia makofi. Waliisifu sentensi yake, wakaihamishia kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, mkutano uliofuata wakaipeleka kwenye kiambatisho, na mwaka uliofuata wakasema jambo hilo ni zito mno kukaa kiambatishoni, hivyo liundiwe kamati. Kamati iliundwa, wakamweka yeye aiandalie vikao, agawe ajenda, na aangalie chai imefika.

Hatimaye mwaka 2014 sentensi ilipita. Mdogo wake anakumbuka alivyorudi kutoka safari akafikia moja kwa moja hapa, akavua viatu mlangoni, akasema, “Tumeshinda, lakini wamenitilia maji.” Walikuwa wameongeza neno moja, kwamba mgonjwa atapatiwa mhudumu wa kulipwa, na mtoto hatatolewa shule, inapowezekana. “Sasa umeshaona wapi ikawezekana?” alimuuliza mdogo wake, na mdogo wake, aliyekuwa amechoka na zamu, akamwambia, “Dada, nusu shari kuliko shari kamili,” naye akamjibu kwamba nusu mlango haumzuii mwizi, wakacheka wote wawili, na chakula kikapoa mezani.

Tarehe 14 Agosti 2021, asubuhi, akiwa anajiandaa kwenda kazini, marehemu alipatwa na kiharusi, kikachukua upande wake wa kushoto na sauti yake. Alilazwa wiki tatu. Tarehe 6 Septemba aliruhusiwa kurudi nyumbani, si kwa sababu alikuwa amepona, bali kwa utaratibu wa ule mpango wa huduma za nyumbani, na kwa kuwa alikuwa mjane, aliletwa kwa mdogo wake. Muuguzi aliyemleta, mama mmoja mpole sana, aliketi ukingoni mwa kitanda na kijitabu cha maelekezo, akasoma kwa sauti kwamba mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mto uwekwe kati ya magoti, visigino visiguse godoro, nguo zibadilishwe mara zinapolowa, kisha akainua macho akauliza, “Haya, mhudumu wa familia ndiye nani hapa?” Marehemu alikuwa ameshiriki kukiandika kijitabu hicho. Alikitazama tu, machozi yakamtoka upande mmoja, na muuguzi akadhani ni maumivu.

Jioni ile kilikaa kikao sebuleni, na hatutapamba, kilichukua muda mfupi kuliko siku tuliyochagua rangi ya mapazia. Walikuwapo mdogo wake marehemu, mke wake, na mtoto wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa amemaliza chuo na hajapata kazi, amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha anachezea funguo. Wifi yake marehemu alisema, “Mimi nikifunga duka, tutakula hotuba za wifi?” na ni kweli, duka lile la vitambaa ndilo lililokuwa linatulisha. Mdogo wake alisema zamu za stoo hazina ruhusa. Kijana naye hakujitolea, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama, si kwa chuki, wala si kwa kumhurumia, bali hakuwamo kabisa katika mawazo yao, kama vile mtu anayetafuta kisu hatazami upande wa vikombe. Baba akamwita binti yake kutoka jikoni, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na yuko kidato cha pili, akamwambia, “Mama, utamsaidia shangazi yako muhula mmoja tu.” Marehemu alikuwa chumba cha pili, akisikia kila kitu, na hana sauti.

Sauti ilianza kurudi mwezi Novemba, neno moja moja, maji, taa, mto. Sentensi yake ya kwanza iliyokamilika aliisema asubuhi moja, binti akiwa anamfuta uso, akamtazama sana kisha akasema, “Leo si siku ya shule?” Binti akamjibu kwamba ni siku ya shule. Marehemu akafumba macho, na tangu siku hiyo hakumwacha mdogo wake apumzike. Muhula ulipoisha aliuliza, akaambiwa muhula ujao. Januari akaambiwa bado, Julai akaambiwa mwaka uko katikati, angoje mwaka mpya. Mwaka mpya ulipofika akaambiwa, “Wewe kwanza upone, dada, shule haikimbii,” naye akasema, “Haikimbii, ila inafunga mlango.”

Kabla ya huo mwaka mpya, mwezi Februari 2022, aliagiza mwanawe aitwe. Kijana alikuja, na tuseme haki yake, hakukataa jambo. Alipika, alifua mashuka, alijifunza kumnyoosha mama yake vidole vya mkono wa kushoto, na siku ya tatu alichemsha maji, akaingia na beseni na taulo begani ili amwogeshe. Marehemu alimtazama mwanawe amesimama pale, akavuta shuka mpaka shingoni kwa mkono wake mmoja mzima, akasema, “Weka chini, mwanangu. Toka. Mwite dada yako.” Kijana akaliweka beseni chini akatoka, na binti akaitwa, akiwa amekaa kwenye ngazi na kitabu cha jiografia alichokuwa amekifungua kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Maji yalipokuwa yanamwagika mgongoni, marehemu alimwambia binti kwamba miaka kumi na minane ameandika habari za mishahara, mafunzo na zamu, na hakuwahi kuandika neno aibu hata mara moja. “Nilifikiri wao ndio waliokataa,” alisema. “Kumbe na mimi.” Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akipiga godoro kwa ngumi, na alikataa kupanguswa machozi. Kijana hakurudi na beseni tena, alirudi kama mgeni, Jumapili, na matunda.

Mwezi Machi mwaka huo mkurugenzi wa shirika alikuja kumjulia hali, akafuatana na mpiga picha, kwa sababu siku ya wanawake ilikuwa inakaribia. Ni mtu mwenye adabu, alivua viatu, akamshika marehemu mkono, akasema ofisi nzima inamkumbuka. Halafu akamwona binti na chupa ya mafuta ya mgongo, akafurahi sana, akasema, “Hawa ndio mashujaa wa nyumbani tunaowazungumzia! Binti, sogea karibu na shangazi, tabasamu kidogo, utakaa kwenye jalada la jarida letu.” Marehemu akamwambia, “Mkurugenzi wangu, unataka picha?”

“Ukiniruhusu, mama.”

“Basi nenda shuleni kwake ukapige dawati lake.”

Mpiga picha alishusha kamera. Mkurugenzi alicheka akidhani ni utani, kisha akaona si utani, akatafuta viatu vyake. Lile jalada lilitoka, likiwa na msichana mwingine, wa nyumba nyingine, na alikuwa anatabasamu.

Hata hivyo marehemu hakuacha kazi. Alimfanya binti kuwa mkono wake wa kushoto, akimtuma vitabu, akimsomesha hesabu na sarufi kati ya kugeuzwa na kugeuzwa, na ukikosea ulirudishwa mwanzo, kama vibao vya maduka. Mwezi Machi mwaka huu, 2023, alialikwa kuzungumza kwa njia ya mtandao katika mkutano mkubwa wa kimataifa uliokuwa unapitia upya sera ile ile ya mwaka 2014. Alijiandaa wiki mbili. Siku yenyewe binti aliiegemeza simu kwenye jagi, akamvalisha blauzi ya kijani, akamwekea mito mitatu. Alieleza, kwa sauti iliyokuwa inajikwaa lakini inafika, kwamba neno inapowezekana liondolewe, kwamba kazi ya kumtunza mgonjwa ihesabiwe kama kazi ya uchumi, na kwamba fedha za kuwafundisha na kuwalipa wahudumu, wanaume kwa wanawake, ziwe sharti la mpango, zisiwe fadhila, maana mtu aliyesomea kazi na kulipwa hufika na beseni kama mtaalamu, na mgonjwa hamwonei aibu mtaalamu. Alikuwa bado ana ukurasa mmoja. Mwenyekiti akamkatiza kwa upole, akasema muda umekwisha, na kwamba ukumbi mzima umeguswa sana na ushuhuda wake.

“Si ushuhuda,” marehemu alisema. “Ni hoja.”

“Ahsante sana, mama, kwa ushuhuda huo,” mwenyekiti akasema, na sauti ya simu ikafungwa kutoka kule, na tukawaona wanapiga makofi bila kusikia makofi yenyewe.

Binti alitaka kuzima simu. Marehemu alimwambia aiache, akaendelea kusoma ukurasa uliobaki mpaka mwisho, kwa watu wasiomsikia, na alipomaliza akasema, “Sasa nigeuze, huku mgongo unawaka.”

Baada ya hapo afya yake ilianza kushuka. Kidonda cha mgongoni, tulichokuwa tumekizuia kwa mwaka mmoja na nusu, kilifunguka mwezi Mei, homa ikawa inaingia na kutoka. Tarehe 3 Juni ndipo yalipotokea yale mazungumzo mliyoyasikia mwanzo. Mdogo wake alipomuuliza nani, marehemu alisema, “Sijui nani. Miaka ishirini nawauliza wao, na leo wewe unaniuliza, na sijui. Lakini kwamba mimi sijui si sababu ya huyu kubaki. Akiondoka yeye, hapo ndipo mtalazimika kutafuta. Akiwapo hamtatafuta kamwe.” Mdogo wake alisema, “Na nikitafuta nikakosa, ukaoza humu ndani?” Marehemu akasema, “Basi nioze, lakini mtoto asome.” Mdogo wake alitoka, akaupiga mlango, na kwa siku mbili hawakusemeshana. Jumatatu ilifika ikapita. Siku ya tatu aliingia na kiti, akakaa, akamlisha dada yake chakula laini kwa kijiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, alimwaga nusu kifuani, na marehemu akamwambia, “Rudia kibao cha kwanza.” Habari ya shule haikutajwa siku ile, wala siku zilizofuata.

Tarehe 17 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, marehemu alifariki dunia katika chumba kile cha nyuma, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mtoto mmoja, mdogo mmoja, wifi, na binti wa huyo mdogo wake, ambaye ana miaka kumi na saba.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa yule muuguzi mama, ambaye muda wake wa ziara ulikuwa umekwisha kwa mujibu wa mpango, lakini aliendelea kuja siku zake za mapumziko, na yeye pia hakulipwa. Tunawashukuru majirani, waliotuazima godoro la hewa, na jirani wa kulia, ambaye kila alipoanika nguo aliulizia dirishani kama tumelala. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake na mkurugenzi, waliofika na shada kubwa, na tunawaomba, kwa heshima, kwamba mtakapoandika risala ya kumsifu msiseme aligusa mioyo, semeni alidai nini, na kwamba hajapewa. Tunawaomba pia wale wajomba na mashangazi waliosema jana msibani kwamba binti sasa ameshazoea nyumbani, kwamba shule kwake itakuwa ngeni, na kwamba mama yake dukani anahitaji mtu, wafikirie tena, maana kaburi bado halijafunikwa na tayari kazi nyingine imeshamtafuta mtoto yule yule.

Shangazi, umegeuzwa mara ya mwisho, na mgongo wako hauwaki tena. Pumzika, usiulize tena kitu, tuachie sisi kuuliza.

Karatasi hizi mdogo wake marehemu alipewa jana jioni azipitie, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, na binti alitegemea azirudishe zimekatwa, hasa pale mwanzo. Amezirudisha leo asubuhi, kabla watu hawajaanza kufika, hakufuta neno. Binti alikuwa anakunja mashuka ya kitanda kile, na baba yake alisimama mlangoni, hakuingia, akamnyooshea karatasi, akatazama chini kisha akamtazama yeye, kama mtu anayempima kwa macho, akasema:

“Ile sare yako ya shule, bado inakutosha?”